Maumivu sugu ya nyonga kwa wanaume: Ugonjwa unaofichwa na majina ya 'UTI sugu', ngiri na chango

Maumivu yasiyokwisha chini ya kitovu ni jambo ambalo mwanamume huona haya kulitamka, na ambalo watoa huduma hulikosea kwa urahisi. Wengi hutibiwa kwa miezi kadhaa kama watu wenye maambukizi, ilhali vipimo vyao havionyeshi kijidudu chochote.

Fikiria dereva wa lori mwenye umri wa miaka 36 anayesafirisha shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali. Ni mtu wa mfano, si mgonjwa halisi, lakini mkondo wa ugonjwa wake unafahamika vyema katika kliniki za njia ya mkojo. Kabla ya kufika Dodoma anaanza kusikia uzito katika msamba, ile sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kana kwamba amekalia ndimu. Akifika Singida amekwisha kusimamisha gari mara 3 ili akojoe, na kila mara mkojo unaotoka ni kidogo. Akirudi nyumbani, tendo la ndoa linamwachia hisia ya kuungua kwenye ncha ya uume hadi siku ya pili.

Duka la dawa linampa vidonge vya siku 5. Anapata nafuu kwa wiki moja, kisha hali inarudi. Maabara ya mjini Kahama inamwambia ana UTI. Muuza dawa za asili anasema ni ngiri. Dereva mwenzake anaapa kuwa hilo ni chango la kiume, na mwingine anamnong'oneza kwamba huenda ni kisonono cha zamani ambacho hakikutibiwa ipasavyo. Neno hilo la mwisho ndilo analofika nalo nyumbani, na ndilo linalomfanya mkewe amwulize maswali asiyokuwa na majibu yake. Mwezi wa 5 unamkuta na pakiti ya 4 ya antibiotiki mfukoni, na bado hakuna aliyemwuliza maumivu yalianza lini, yako wapi hasa, na nini huyazidisha.

Majibu ya maswali hayo 3 ndiyo yanayoitofautisha hali ambayo madaktari huiita maumivu sugu ya nyonga na maradhi mengine yanayofanana nayo.

Neno 'sugu' na maana zake mbili

Katika mazungumzo ya kila siku, na zaidi katika matangazo ya dawa yanayosambazwa kwenye simu, 'UTI sugu' ni maambukizi ya njia ya mkojo yaliyogoma kusikia dawa. Anayelisikia neno hilo hupata picha ya kijidudu kikaidi kilichojificha mwilini, na hitimisho lake ni moja tu: itafutwe dawa kali zaidi. Daktari anaposema 'maumivu sugu', hata hivyo, anazungumzia muda. Anamaanisha maumivu yaliyodumu, na hasemi lolote kuhusu kijidudu. Ni tofauti ndogo kwa sikio, lakini imewagharimu wanaume wengi fedha na miezi ya mateso.

Muda unaotajwa na wataalamu ni angalau miezi 3 katika miezi 6 iliyopita. Mpaka huo unahusiana na kazi iliyofanyika mwaka 1995, pale Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, zilipowakutanisha wataalamu ili kuyapanga upya maradhi yote yaliyokuwa yakiitwa prostatitisi, yaani kuvimba na kuwaka kwa tezi dume. Mpangilio wao, uliochapishwa mwaka 1999, ungali unatumika.

Waliyagawa maradhi hayo katika makundi 4. La kwanza ni maambukizi ya ghafla ya tezi dume, yanayokuja na homa kali na baridi ya kutetemesha. La pili ni maambukizi ya bakteria yanayojirudia, ambapo mara nyingi bakteria yule yule huoteshwa maabara kila ugonjwa unaporejea. La 4 ni uvimbe usio na dalili, unaogunduliwa kwa bahati mgonjwa anapochunguzwa kwa sababu nyingine. Kundi la 3 ndilo la maumivu sugu ya nyonga, na linakadiriwa kubeba wagonjwa 9 au zaidi katika kila 10 wanaofika hospitalini wakiwa na dalili za prostatitisi. Kwa maneno mengine, kinachotibiwa kwa kawaida kama maambukizi ndicho kilicho kichache.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa takriban wanaume 8 katika kila 100 huwa na dalili za aina hii. Tofauti na kukua kwa tezi dume, jambo linalowasumbua wazee, maumivu haya huwakumba sana wanaume walio chini ya miaka 50, yaani walio katika umri wa kazi na wa kulea watoto.

Yanauma wapi, na lini

Wagonjwa wengi hushindwa kuonyesha kwa kidole mahali panapouma, na hali hiyo yenyewe ni kidokezo. Utafiti uliowahusisha zaidi ya wanaume 1,500, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa msamba ndio uliotajwa zaidi, na takriban 63 katika kila 100. Korodani zilifuata kwa 58, kisha eneo la kinena juu ya kibofu kwa 42, na uume kwa 32. Jumla inapita 100 kwa sababu mtu mmoja huumwa sehemu kadhaa. Wapo pia wanaosikia maumivu kiunoni, ndani ya mapaja, au ndani ya njia ya haja kubwa.

Watafiti hao waliona jambo jingine: kilichoyavuruga zaidi maisha ya wagonjwa kilikuwa ukali wa maumivu na wingi wa siku yanapotokea, kuliko mahali yalipo, na kuliko hata matatizo ya kukojoa. Ndiyo maana mgonjwa anayeulizwa tu 'unakojoa mara ngapi?' hutoka kwa daktari akihisi hakusikilizwa.

Dalili ambayo wengi huificha ni maumivu wakati wa kutoa manii au saa chache baadaye. Huweza kuwa mkato mfupi kwenye uume, au uzito wa korodani unaokaa hadi kesho yake. Mwanamume akiipata mara kadhaa huanza kulikwepa tendo la ndoa, na kwa kuwa hasemi sababu, mwenzake huitafuta sababu yake mwenyewe. Kupungua kwa hamu au kwa nguvu za kiume kunakofuata, mara nyingi hutokana na hofu ya maumivu pamoja na uchovu. Wauzaji wa dawa za nguvu za kiume hupata hapo mteja ambaye tatizo lake liko kwingine.

Kuhusu mkojo, dalili za kawaida ni kwenda haja ndogo mara kwa mara, kubanwa ghafla, mkondo dhaifu, na hisia kwamba kibofu hakikwisha. Wengine huungua kidogo wanapokojoa, na hapo ndipo jina la UTI linapopata nguvu. Lakini maambukizi ya kawaida ya kibofu si jambo la kila mara kwa mwanamume kijana, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni ndefu kuliko ya mwanamke na bakteria wana safari ndefu ya kupanda. Mwanamume wa miaka 30 anayeambiwa ana UTI kwa mara ya 4 katika mwaka mmoja ana haki ya kuuliza ni bakteria gani aliyepatikana.

Kisha kuna suala la kukaa. Maumivu yanayozidi mtu anapoketi na kupungua anaposimama au kulala huashiria mara nyingi misuli ya sakafu ya nyonga, au mshipa wa fahamu uitwao pudendali unaopita katika eneo hilo. Wataalamu waliokutana Nantes, Ufaransa, waliweka vigezo vya kuutambua ugonjwa wa mshipa huo, vilivyochapishwa mwaka 2008. Miongoni mwavyo ni kwamba maumivu huongezeka kwa kukaa, na kwa kawaida hayamwamshi mgonjwa usiku. Kwa dereva wa masafa marefu, mwendesha baiskeli, fundi cherehani au karani, kazi yenyewe huyachochea maumivu kila siku hata kama siyo iliyoyaanzisha.

Jambo la mwisho, ambalo huwapotosha wagonjwa na watabibu kwa pamoja, ni kwamba maumivu haya hupanda na kushuka. Kuna wiki mbaya na wiki nzuri. Mtu hununua dawa katika wiki mbaya zaidi, na hali ikitulia yenyewe siku chache baadaye, sifa zote huenda kwa dawa. Maumivu yakirudi, husemwa kwamba dozi haikutosha. Kwa njia hiyo kila dawa, iwe kidonge au mizizi ya kuchemsha, huonekana imefanya kazi kwa muda.

Maumivu bila kijidudu

Hoja kwamba chanzo si bakteria ina msingi katika vipimo. Mwaka 2003, watafiti wa Amerika Kaskazini walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanaume zaidi ya 460 wenye maumivu hayo na wengine 121 wasio na dalili zozote. Bakteria wenye uwezo wa kuambukiza njia ya mkojo walipatikana kwa takriban 8 katika kila 100 wa kundi la wagonjwa, na pia kwa takriban 8 katika kila 100 wa kundi la wenye afya. Kuwapo kwa bakteria, peke yake, hakukueleza ni nani anayeumwa.

Hata seli za usaha, zinazoandikwa katika karatasi nyingi za maabara kama ushahidi wa maambukizi, hazilingani na ukubwa wa maumivu. Mtu huweza kuwa nazo nyingi bila kuumwa, au akaumwa vikali bila kuwa nazo.

Mwaka 2004 zilichapishwa pia habari za jaribio la matibabu lililowahusisha wanaume 196 waliougua kwa muda mrefu. Baadhi walipewa antibiotiki ya ciprofloxacin, wengine tamsulosin, dawa inayolegeza shingo ya kibofu, wengine zote mbili, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Baada ya wiki 6, hakuna dawa iliyoonyesha nafuu kubwa kuliko vidonge hivyo visivyo na kitu. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu wakati huo, na ciprofloxacin ingali ikinunuliwa dirishani bila cheti cha daktari katika miji mingi ya ukanda huu. Dawa hiyo si ya kuchezea. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zito mwaka 2008 kwamba dawa za jamii yake huweza kuharibu na hata kukata kano, hasa ile ya kisigino. Na kila dozi isiyo ya lazima huwapa bakteria nafasi nyingine ya kujenga usugu. Hapo ndipo 'UTI sugu' ya kweli inapozaliwa.

Nini basi kinachouma? Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba hakuna chanzo kimoja. Kwa baadhi ya watu huenda palikuwa na maambukizi ya kweli hapo mwanzo, au jeraha, au kipindi cha msongo mkubwa. Chanzo kikaondoka, lakini misuli iliyojikaza kwa kujihami haikulegea, na mishipa ya fahamu ikabaki katika hali ya tahadhari. Ni mfano wa mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa: tangu siku hiyo hupuliza filimbi kila jani linapoanguka. Filimbi inasikika kweli, na nyumba nzima inaamka kweli, ingawa hakuna mwizi.

Hapa pana hatari ya kueleweka vibaya. Kusema kwamba hofu, mawazo na kukosa usingizi huyazidisha maumivu si kusema kwamba mgonjwa anajitungia. Tafiti zilizopima ubora wa maisha ziliwaweka wagonjwa hawa karibu na watu waliopata mshtuko wa moyo au wenye magonjwa ya kudumu ya utumbo.

Maradhi yanayofanana nayo

Jina la maumivu sugu ya nyonga halipaswi kutolewa kabla ya maradhi mengine kuondolewa kwenye orodha, na katika Afrika Mashariki na Kati orodha hiyo ina mambo yake ya pekee.

La kwanza ni kichocho cha mkojo. Katika pwani ya Kenya, visiwa vya Zanzibar na maeneo ya bara kusini mwa Ziwa Victoria, watu huambukizwa wanapoingia katika mabwawa na vijito vyenye konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo. Mayai ya minyoo hujikita katika kibofu, na kwa wanaume huweza kufika kwenye tezi dume na vifuko vya shahawa. Hapo huleta maumivu ya nyonga, maumivu wakati wa kutoa manii, na damu katika mkojo au katika shahawa. Mtu aliyekulia kando ya maji hayo anapaswa kumwambia daktari hata kama amehamia mjini miaka mingi, kwa sababu minyoo hiyo huishi mwilini kwa miaka, na dawa yake, praziquantel, haina uhusiano wowote na antibiotiki alizomeza.

Ngiri nayo ni ugonjwa wa kweli, ingawa jina lake limetanuliwa hadi kufunika karibu kila maumivu ya mwanamume chini ya kitovu. Ngiri ya kweli ni sehemu ya utumbo au mafuta ya tumbo inayopenya kwenye udhaifu wa misuli ya kinena. Kwa kawaida huonekana au hushikika kama uvimbe unaotokeza mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo, na huingia ndani anapolala. Tiba yake ni upasuaji. Mwanamume anayeambiwa ana ngiri ilhali hana uvimbe wowote anapaswa kutia shaka, na mwenye uvimbe hapaswi kupoteza muda kwa dawa za kunywa. Busha, yaani maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, hutambulika pia kwa macho na kwa mguso. 'Chango la kiume' halina ugonjwa mmoja linaoulenga. Ni jina la malalamiko.

Kisonono na klamidia ni lazima zipimwe, kwa mgonjwa na kwa mwenzake. Usaha unaotoka kwenye uume, au dalili zinazoanza siku chache baada ya kujamiiana bila kinga, huelekeza huko. Lakini vipimo vikiwa safi baada ya matibabu kamili, kuendelea kumtibu mtu kwa kisonono 'cha ndani' ni kumwongezea aibu asiyostahili.

Kuhusu saratani ya tezi dume, hofu inayowakosesha wengi usingizi, ni vyema ijulikane kwamba katika hatua za mwanzo saratani hiyo kwa kawaida haiumi kabisa. Maumivu sugu ya nyonga si saratani. Kipimo cha damu cha PSA, hata hivyo, huweza kupanda kwa sababu ya tezi kuvimba tu, na hivyo jibu la juu linahitaji kusomwa na daktari mwenye kumfahamu mgonjwa, si kusomwa dukani.

Ndani ya chumba cha daktari

Mazungumzo huchukua muda mrefu kuliko vipimo. Daktari huuliza kuhusu maumivu, mkojo, choo, tendo la ndoa, kazi na usingizi. Mkojo hupimwa na, kilicho muhimu zaidi, huoteshwa maabara ili ijulikane kama kuna bakteria na ni dawa gani inayomuua. Jibu la kuotesha huchukua siku 2 au 3, na kusubiri siku hizo ni nafuu kuliko kununua dawa kwa kubahatisha.

Kisha kuna uchunguzi wa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi hukimbia hospitali kwa sababu hiyo tu. Unachukua chini ya dakika moja, na unampa daktari taarifa ambazo kipimo cha picha hakitoi: kama tezi dume inauma inapoguswa, na kama ni misuli ya pembeni yake inayouma. Mara nyingi ni misuli, na mgonjwa huruka pale inapobonyezwa kwa sababu ndiyo maumivu yale yale aliyoshindwa kuyaonyesha kwa miezi kadhaa.

Baadhi ya kliniki hutumia dodoso la maswali 9 lililoandaliwa chini ya NIH mwaka 1999. Alama zake ni kati ya 0 na 43: maumivu yana alama 21, mkojo 10, na athari katika maisha 12. Thamani yake kubwa ni kufuatilia mwelekeo. Aliyeanza na alama 28 na kushuka hadi 22 baada ya miezi 2 amepiga hatua ya kweli, hata kama yeye anaona bado anaumwa. Asiye na dodoso anaweza kuandika kwenye daftari, kila siku kwa wiki 2, maumivu yalikuwa kiasi gani kati ya 0 na 10, alikaa saa ngapi, alikula na kunywa nini. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko bahasha ya risiti za dawa.

Tiba isiyo na kidonge kimoja

Hakuna dawa moja inayoiondoa hali hii, na anayeahidi hivyo anauza tumaini. Tangu mwaka 2009 wataalamu wengi hufuata utaratibu wa kumpima mgonjwa katika maeneo 6, yaani mkojo, hali ya nafsi, tezi yenyewe, maambukizi, mishipa ya fahamu na misuli, kisha kumtibu kulingana na maeneo aliyoonekana kuwa na shida. Ndiyo maana watu 2 wenye jina moja la ugonjwa huweza kutoka na matibabu tofauti.

Kozi moja ya antibiotiki kwa mgonjwa mpya si kosa, hasa pale maambukizi yanaposhukiwa. Kosa ni kuirudia bila ushahidi wa maabara. Dawa za kupunguza maumivu na uvimbe husaidia baadhi kwa muda mfupi. Pale misuli inapohusika, mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa eneo la nyonga huweza kufanya kazi kubwa kuliko dawa, kwa kuibonyeza na kuinyoosha misuli na kumfundisha mgonjwa kuilegeza. Lipo kosa hapa linalofanywa kwa nia njema: mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yanayosifiwa sana mitandaoni kwa kuongeza nguvu za kiume, huweza kumwongezea maumivu mtu ambaye misuli yake imekwisha kukaza kupita kiasi. Anachohitaji ni kujifunza kuiachia.

Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kutembea kwa kasi na mazoezi mengine ya mwili mara 3 kwa wiki huyapunguza maumivu. Katika jaribio kubwa la China lililochapishwa mwaka 2021, wanaume 440 walitibiwa kwa sindano za kitamaduni za nchi hiyo au kwa sindano za kuigiza. Waliochomwa sindano halisi walipata nafuu iliyodumu miezi kadhaa baada ya tiba kumalizika. Nyumbani, kukaa katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, kuepuka kufunga choo, na kupumzika kila baada ya saa moja au mbili za kukaa huwasaidia wengi. Wapo wanaozidiwa na pilipili, kahawa au pombe, na wapo wasiodhurika navyo kabisa. Daftari ndilo litakaloamua.

Dalili zisizosubiri

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahusu maumivu ya taratibu. Homa kali na baridi ya kutetemesha pamoja na maumivu ya nyonga, au kushindwa kabisa kukojoa, ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Korodani inayouma ghafla na kwa ukali, hasa kwa kijana, huenda imejisokota, na huwa kuna takriban saa 6 za kuiokoa. Ngiri iliyotokeza ikagoma kurudi ndani huku ikiuma ni dharura vilevile. Ganzi katika msamba na mapaja ikiambatana na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia haja ni ishara kwamba mishipa ya uti wa mgongo imebanwa. Damu katika mkojo na kupungua uzito bila sababu vinahitaji uchunguzi wa haraka, hata kama haviumi.

Dereva wa mfano wetu hana hata moja kati ya hizo. Anaumwa tangu miezi 5 iliyopita, msambani na kwenye ncha ya uume, na anazidiwa anapokaa. Mkojo wake, ulipooteshwa hatimaye, haukuotesha kitu. Vipimo vya magonjwa ya zinaa, vyake na vya mkewe, ni safi. Dawa anayoandikiwa safari hii ni ya wiki chache tu. Mengine ni tarehe za fiziotherapia, na ushauri wa kushuka kwenye lori na kutembea kila anaposimama kujaza mafuta. Mkewe, aliyemsindikiza kliniki, ana swali moja: je, naye anatakiwa kumeza dawa? Daktari anamjibu kwamba hali hii haiambukizwi, haikuletwa na mwanamke mwingine, na yeye hana dawa ya kumeza.